Hema la Kwenda Mwanza

Mwaka wa tisini na tatu Tukuyu nzima ilikuwa inauza kitu. Watu walewale waliowahi kusukumana kwenye foleni ya duka la kaya wakigombea mche wa sabuni, sasa walikaa nyuma ya meza zao wenyewe wakimwita mpita njia kwa jina lake. Enzi za ruksa zilikuwa zimepanda mpaka kwetu mlimani. Na mitumba ilipomwagwa sokoni, ungepata chochote kile ambacho Wazungu wamekichoka, hata nguo ambazo hakuna aliyejua zinavaliwa kuanzia kichwani au miguuni.

Hapo ndipo Ambindwile alipopata hema lake.

Muuzaji, Lazaro, hakujua kwamba anauza hema. Kwake lilikuwa turubai zito la kijani lenye vitundu vya shaba pembeni, zuri kwa kuanikia kahawa. Ambindwile alilikunjua, akatia mkono kwenye pindo, akakuta kamba. Alilijua. Zamani, alipokuwa dereva wa lori la ushirika, aliwahi kumkuta Mzungu ameharibikiwa na gari katikati ya pori la Rungwa, amelala ndani ya kitu kama hicho kando ya barabara, anakoroma utadhani simba ni kitu cha kusimuliwa tu. Chini ya lundo hilohilo akauona na mfuko wa kulalia, ule ambao mtu huingia mzimamzima kama mguu kwenye soksi, akavuta zipu mpaka shingoni. Lazaro alikuwa anaunadi kama koti.

"Koti gani lisilo na mikono?" aliuliza Ambindwile.

"Mzee wangu, kule kwao baridi ni kali. Mikono wanaiweka ndani," alijibu Lazaro bila kupepesa jicho.

Nguzo za hema hazikuwapo. Alizikata mwenyewe za mianzi, bondeni, aliporudi nyumbani Ikuti. Jiko la mchina la mafuta ya taa alikuwa nalo, taa ya chemli alikuwa nayo, na madumu ya maji, na sufuria yenye mfuniko wa kubana ambayo ilizunguka naye nchi hii tangu enzi za ushirika. Gari lilikuwepo pia, Landrova kuukuu aliyoinunua siku mali za ushirika zilipopigwa mnada. Ilikuwa na kikohozi kibaya asubuhi, lakini ikishapata moto ilikwenda. Alivipanga vitu vyake barazani, akavitazama, akavipanga upya. Mtu mzima wa miaka sitini na ushee, mjane, babu wa mtoto asiyemjua, amekaa barazani anafunga kamba na kuzifungua, uso umemchangamka kama bwana harusi. Na mimi nasema alikuwa na haki ya kuchangamka, maana tangu mkewe amfie hakuwa amepanga lolote zaidi ya mlo wa jioni.

Dada yake, Atupakisye, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwake, alikuja kuangalia wazimu huo kwa macho yake.

"Wewe una nyumba ya bati," alisema. "Nyumba ya nguo ya nini?"

"Nakwenda Mwanza, dada."

"Mwanza kuna basi. Kuna treni. Na huko Mwanza mwanao ana nyumba."

"Ndiyo maana nahitaji hema."

Atupakisye alikuwa Mnyakyusa, alielewa.

Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani. Si ugomvi, ni heshima, tena kubwa, na tunaiita ukutila. Mke wa mwana akimwona baba mkwe anakuja njia hii, yeye hukatiza migombani. Baba mkwe naye akisikia sauti ya mkwewe jikoni, hukohoa kwa mbali na kugeuza. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawalali chini ya paa moja. Vijana wengi wameshaanza kuliona jambo hili kama mzigo, lakini Ambindwile alikuwa mtu wa zamani, na hakuona sababu ya kuanza kukosa adabu uzeeni. Sasa Lugano, mwanawe wa pekee, alikuwa anaishi Mwanza kwenye nyumba ya vyumba viwili. Humo baba mkwe angejificha wapi? Gesti hakutaka hata kuisikia, kwani baba kulala gesti katika mji wa mwanawe ni sawa na kumvua mwana nguo hadharani. Basi angekwenda na nyumba yake mgongoni. Njiani angelala popote giza lingemkuta, na akifika angelisimamisha hema uani kwa Lugano, akakaa humo kwa heshima zake, na mjukuu angekuja kumsalimia.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, ambalo dada yake alilijua na hakulitaja.

Miaka minne nyuma, mke wa Ambindwile alipofariki, Lugano alikuja msibani na mke aliyemwoa hukohuko, Msukuma wa Magu aitwaye Lilian. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga Ikuti. Mtoto wa watu alikuwa amefundwa adabu ya kwao, nayo ni adabu nzuri. Mbele ya waombolezaji wote aliingia ndani, akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake, akainamisha kichwa, akanyoosha mikono yote miwili, akasema, "Shikamoo, baba. Pole." Na Ambindwile, kwa adabu ya kwao yeye, aliinuka, akampa mgongo, akatokea mlango wa nyuma, akaenda kukaa migombani mpaka giza likaingia. Hakuitikia. Alikuwa amempa mkwewe heshima yote aliyokuwa nayo. Lilian akabaki amepiga magoti mbele ya kiti kitupu, mikono bado imenyooka, na wanawake wawili watatu wakachekea ndani ya kanga zao.

Aliyepaswa kumwonya ni mumewe, lakini Lugano siku ile alikuwa amezidiwa na kilio, hata jina lake mwenyewe ungemkumbusha. Waliondoka kabla ya matanga kuisha. Wakati wa kuagana Lugano alisema neno moja tu: "Baba, hata kumwitikia?" Haikuwahi kumpitia Ambindwile akilini kwamba mtoto aliyemzaa yeye angehitaji kuelezwa mila ya kwao. Tangu hapo hawakurudi tena, na ukimya ukakaa kati yao.

Mpaka Mei ile, Ackson alipopita. Huyu ni mtu wa Suma, aliyekuwa akipeleka mchele wa Kyela Mwanza na kurudi na dagaa. Biashara hiyo nayo ni matunda ya ruksa, maana zamani angekamatwa kwa ulanguzi. Aliketi barazani kwa Ambindwile, akanywa chai, akasema, "Nilimwona mjukuu wako. Anaongea kama redio. Anaitwa Tupokigwe."

Ambindwile aliweka kikombe chini. Tupokigwe lilikuwa jina la marehemu mkewe.

"Nani alimpa jina hilo?"

"Mama yake. Lugano alitaka jina la kisasa, mwenzake akakataa." Ackson ni mtu mzuri lakini hana uwezo wa kubaki na neno tumboni, kwa hiyo akaongeza: "Alisema marehemu ndiye mtu pekee wa Ikuti ambaye hajamgeuzia mgongo."

Ambindwile hakulala vizuri usiku ule wala uliofuata. Lile neno lilimchoma, na lilimchoma zaidi kwa sababu lilikuwa kweli na halikuwa kweli kwa pamoja. Asubuhi ya Jumamosi ndipo alipoteremka Tukuyu kutafuta hema. Alitaka kufika Mwanza kabla hajafa na kabla yule mtoto hajafika umri wa kuelewa maneno kama yale.

Njia aliipanga kichwani, hakuhitaji ramani. Angepita Uyole, ateremke Mbeya, ashike Chunya na Makongolosi, aingie pori la Rungwa, atokee Itigi, Singida, ateremke Sekenke polepole na gia ndogo, kisha Igunga, Nzega, Shinyanga, mpaka ziwani. Madereva wa mabasi pale stendi ya Tukuyu walimwambia apite Iringa na Dodoma, kwenye lami, kama watu wengine. Aliwasikiliza kwa upole kama unavyomsikiliza mtoto. Lami ya nini? Barabara ya Rungwa ilikuwa imejaa vitu vyake.

Maana safari ile hakuwa anaipanga tu, alikuwa anaikumbuka. Mwaka mmoja baada ya kuoana, bwana mkubwa wa ushirika akiwa likizo, alimpakia Tupokigwe kwenye lori kinyume cha sheria zote na kwenda naye mpaka Mwanza kuchukua pamba. Tupokigwe hakuwahi kuvuka Mbeya. Rungwa mbung'o waliwala mpaka wakavimba, naye akacheka, akasema wadudu hawa wana njaa kuliko viwavi wa Rungwe. Walilala juu ya turubai la lori, na simba aliponguruma upande wa mtoni Tupokigwe aliimba nyimbo za kanisani, moja baada ya nyingine, sauti ya kwanza na ya pili peke yake, mpaka simba akanyamaza au akachoka. Itigi alipika ndizi alizozibeba kutoka nyumbani, na wanawake wa pale wakaja kuonja na kumwuliza kwa nini anapika tunda. Sekenke breki zilikuwa hazieleweki, basi alishuka akatembea nyuma ya lori kilima kizima, jiwe mkononi, tayari kulitupa chini ya tairi. Wakati ule alikuwa na mimba ya Lugano na wote wawili hawakujua. Ambindwile akikumbuka jiwe lile na ile kanga iliyokuwa imefungwa kiunoni, alijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja, na alikuwa anapenda kujisikia hivyo kuliko kutojisikia kitu. Angependa kulala palepale Rungwa, mara moja tu, hata kama nyimbo hazipo.

Ilibaki kulijaribu hema. Hakuna dereva mwenye akili anayekwenda porini na kifaa ambacho hajakilalia nyumbani. Jumatano jioni, mwezi wa sita, baridi ya Ikuti ikiwa imeshuka na manyunyu yake, alilisimamisha uani kwa nguzo zake za mianzi. Akawasha moto wa magogo mbele yake kama wa porini. Akafunga mlango wa nyumba kwa nje, asije akajidanganya na kukimbilia kitandani. Akaingia kwenye mfuko, akavuta zipu, akajiambia ataona itakavyokuwa.

Ikawa alilala kama mtoto mchanga. Tangu kifo cha mkewe hakuwahi kulala hivyo, na kulipokucha hakuamka. Kengele ya shule ililia, watu wa chai wakaenda kuchuma, yeye bado anakoroma ndani ya koti la Lazaro.

Sasa wewe simama barabarani, juu kule, utazame chini kwenye uwanja wake kama walivyotazama majirani. Unaona nini? Turubai limesimikwa uani. Moto wa magogo unafuka. Mlango wa nyumba umefungwa. Mwenye nyumba, mzee anayeishi peke yake, haonekani. Kwetu mambo hayo manne yakikutana yana maana moja tu, na hakuna mtu wa Rungwe anayehitaji kuuliza. Msibani kwetu huendi kesho; unaacha jembe shambani na sufuria jikoni, unakwenda.

Kilichomwamsha Ambindwile ni sauti ya dada yake.

"Mdogo wangu, umeniacha na nani? Jana tu tumeongea. Umeniacha na nani, tata, baba yangu?"

Alitoa kichwa. Uani kulikuwa na wanawake wasiopungua ishirini, wamejifunga kanga viunoni, wengine na mikungu ya ndizi kichwani, wengine na kuni. Wanaume walikuwa wameshaketi kuuzunguka moto wake na kuanza kuzungumza kwa sauti ya chini kuhusu nani achimbe. Alitaka kuinuka. Zipu ikagoma. Alivuta, akasukuma, ikang'ang'ania palepale, basi akatoka vilevile, amesimama ndani ya mfuko, anarukaruka kama gunia la mahindi lililopata miguu, huku akisema, "Dada, nipo. Mimi nipo."

Walioshuhudia wanasema wanawake walitawanyika mpaka mashamba ya chai. Atupakisye peke yake ndiye aliyebaki, kwa sababu miguu ilikataa. Alipopata pumzi alimchapa mdogo wake kwa kanga, mara nyingi, analia na kucheka, na kumwambia kwamba kama anataka kufa afe kama watu. Ndizi zilizoletwa zililiwa, maana chakula cha msiba hakirudi nyumbani. Ilikuwa siku nzuri. Kwa saa kadhaa Ikuti nzima ilimpenda Ambindwile kama watu wanavyompenda marehemu, na yeye alikuwepo kusikia.

Jioni akaingia Hezron, binamu yake. Alikuwa na mfuko wa sukari na majani ya chai, na uso wa kilio. Alimkuta marehemu anakula ndizi. Hezron aliketi chini polepole.

"Kaka," alisema, "mimi asubuhi nilikuwa kwenye gari la kwenda Tukuyu. Nililiona turubai kutoka barabarani."

"Basi?"

"Sikushuka. Nilijua wa hapa wataitana wenyewe, wa mbali ndiye wa kuwahi. Nilikwenda moja kwa moja posta. Nimempigia Lugano telegramu."

Hezron alikuwa amefanya jambo la busara kabisa, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kumkaripia. Kesho yake alirudi posta na kupiga telegramu nyingine, kwamba baba ni mzima na wasisafiri. Jibu halikuja. Hezron akawa anakwenda Tukuyu kila asubuhi kusimama kwenye dirisha la posta, na kila jioni anarudi anatikisa kichwa.

Ambindwile aliahirisha safari. Angewezaje kuondoka? Huenda wangepishana njiani, yeye Rungwa, wao Dodoma. Lakini haikuwa hiyo tu. Dereva yule aliyewahi kulala na simba alikuwa ameingiwa na hofu, na hofu yenyewe alimweleza dada yake bila kuona haya.

"Telegramu ya pili ikiwafikia, hawatakuja, na sitajua kitu," alisema. "Isipowafikia wakaja, nitajua. Na isipowafikia wasije..." Hakumaliza.

Hakuhitaji kumaliza. Mtu anaweza kukuchukia maisha yote, akakunyima moto na maji, lakini msibani kwako atakuja. Asiyekuja hata msibani, kati yako na yeye hakuna kitu tena. Ambindwile alikuwa amejiwekea mtihani bila kuutaka, kwa hema la mitumba.

Ijumaa alifanya jambo ambalo dada yake aliliona la kipumbavu kuliko yote. Alifagia nyumba, akatandika kitanda kwa mashuka yaliyowekwa sandukuni tangu enzi za Tupokigwe, akaacha mlango wazi, na yeye akahamia kwenye hema moja kwa moja.

"Umejifukuza kwako," alisema Atupakisye.

"Akija, asikute mtu amekaa mlangoni," alijibu. "Aingie tu."

Alikaa humo Jumamosi, alikaa Jumapili. Manyunyu hayakukoma. Hema lilivuja upande wa kichwa, akageuka akaweka miguu. Jiko la mchina lilitoa moshi kuliko moto. Alijifunza kwamba mfuko wa kulalia ukilowa haukauki, na kwamba mianzi hupinda, na mambo mengine ambayo ni afadhali kuyajua Ikuti kuliko Itigi. Usiku alizungumza na mkewe, si kwa sauti. Alimwambia kwamba Lugano amechukua ukaidi wake yeye na machozi ya mama yake, mchanganyiko mbaya. Alimwuliza kama angeweza kumwitikia yule binti siku ile. Tupokigwe, kama kawaida yake alipoona mume wake anajua jibu, hakusema kitu.

Jumanne mchana ukungu ulishuka mpaka mgomba wa tatu hukuuona. Dada yake alikuwa amekwenda kuchuma chai, Hezron yuko posta, njia haina mtu. Ambindwile alikuwa ameketi ndani ya hema, mlango wa turubai umeshushwa kwa ajili ya baridi, kikombe cha chai mkononi. Akasikia gari likisimama juu barabarani. Akasikia sauti ya mwanamume ikisema shusha na lile begi. Kisha akasikia miguu inateremka, inakimbia, inateleza, inakimbia tena.

Kilio kilichofika uani hakikuwa kilio cha kwetu. Wanawake wetu hulia kwa kupanda na kushuka. Hiki kilitoka sehemu moja na kubaki hapohapo. Mtu alianguka magoti kwenye tope mbele ya hema. Alikuwa karibu kiasi kwamba Ambindwile aliona turubai likisukumwa na mkono wake. Ndipo alipoelewa. Mgeni huyu alijua mazishi yameshapita, na kwetu tunazikwa uani. Aliliona turubai, akadhani limefunika kaburi lisilowe.

"Baba, nimechelewa," alisema Lilian. "Nilisema nitakuja siku nyingine. Nilisema acha hasira iishe kwanza. Sasa nimwamkie nani? Shikamoo, baba. Shikamoo."

Hema lile lilikuwa na mlango mmoja, na yeye alikuwa amepiga magoti mlangoni. Chai ilimmwagikia Ambindwile mapajani. Kutoka asingeweza. Kunyamaza vilevile asingeweza, maana alishanyamaza mara moja na hakupenda kilichofuata. Na mila, alipoitafuta kichwani haraka haraka kama mtu anayetafuta ufunguo, ilikuwa inakataza kuonana. Kuhusu turubai lililosimama katikati hakukumbuka kusikia neno.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Lilian akapiga yowe lililosikika mpaka kiwanda cha chai, na aliponyanyuka alinyanyuka na nguzo moja ya mianzi.

Lugano alifika mbio, begi begani na mtoto mkononi. Alimkuta mkewe amekumbatia mgomba na nusu ya hema imelala chini, na kutoka chini ya ile nusu sauti ya marehemu baba yake ikiomba samahani.

"Baba?" Lugano aliweka mtoto chini. "Telegramu ilisema umekufa."

"Ni Hezron huyo. Mimi nilikuwa nimelala."

Lugano alishika turubai kulifunua. Alikuwa analia sasa, kwa hasira au kwa kingine.

"Usifunue," alisema baba yake. "Mkeo yuko hapo. Mweleze kwanza."

"Nimweleze nini?"

"Kilichotakiwa umweleze kabla hujamleta."

Lugano akasimama kwenye manyunyu akamweleza mkewe, kwa maneno machache ya mtu anayeona aibu, kwa nini kwao baba mkwe hugeuka. Alimwambia kwamba mtu asiyemheshimu mkwewe humtazama usoni, na anayemheshimu humpisha. Kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyopungua, kwa sababu alikuwa anajisikia mwenyewe. Lilian alisikiliza mpaka mwisho. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akarudi karibu na hema, akakaa chini akiwa amelipa mgongo. Ambindwile alimwona kama kivuli kwenye kitambaa, naye akageuka, wakawa wamepeana migongo, turubai katikati.

"Baba," alisema Lilian. "Naona vitu vyote hivi ni vya safari. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kwenu."

"Na hema?"

"La kulala. Ningelisimamisha uani kwenu, nisikubane mle ndani."

Mtoto alikuwa amekwishaipata ile kamba iliyolegea na anaivuta. Hakuna aliyemkataza. Lilian aliposema tena, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kwetu hakuna uani, baba. Tumepanga. Mlango ukifunguliwa ni barabara, na upande wa nyuma ni ukuta wa watu."

Ambindwile hakuwahi kufikiri kwamba nyumba ya mtu inaweza kukosa uwanja. Alijiona amefika, baada ya Rungwa na Sekenke, amesimama barabarani Mwanza na nguzo zake za mianzi mikononi. Akataka kucheka.

"Sasa ungeniweka wapi?" aliuliza.

"Chumbani kwetu, wewe na mjukuu wako. Lugano angelala sebuleni, mimi kwa jirani." Alivuta pumzi. "Huyo jirani nilishamwomba, tangu mtoto alipozaliwa. Kila mwaka ananiuliza mkwe wangu anakuja lini, anitandikie mahali." Ambindwile alihesabu mapaa: la kwake moja, la mkwewe jingine, na hakuna aliyekuwa amemfundisha hilo.